Bastola ya mkusanyaji isilale na risasi

Nchini Marekani, kukusanya bastola aina ya rivolva si burudani tu. Kwa wengi ni kitega uchumi. Colt Python, iliyoingia sokoni mwaka 1955, ilipanda bei sana baada ya utengenezaji wake kusitishwa mwaka 2005, kabla ya kampuni kuirudisha mwaka 2020. Wapenzi wake huitunza kama wengine wanavyotunza saa au magari ya zamani.

Lakini saa haiui. Mwaka 2021 silaha za moto ziliua watu 48,830 nchini humo, na 26,328 kati yao walijiua. Wazo la kujiua mara nyingi huja ghafla na kupita, na wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Kwa silaha ya moto, majaribio takriban tisa kati ya kumi huishia kifo. Rivolva ya miaka 60 iliyotunzwa vizuri hufyatua kama mpya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una jamaa huko mwenye hobi hii, mshauri: bastola zikae bila risasi kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi zifungiwe kwingine, na watoto wasijue funguo zilipo. Mtu wa nyumbani akionyesha dalili za kukata tamaa, silaha ziondolewe nyumbani kwanza, kwa kufuata sheria, huku akipelekwa kwa daktari. Bastola iliyouzwa hununuliwa tena, uhai haununuliki.