Bangili ya Mama na Njia ya Sokoni



Majuma mawili yaliyopita, baada ya swala ya Isha, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, jirani yetu wa miaka mingi. Alikuwa amefunga kitu kwenye ncha ya kanga yake. Alipokifungua tuliiona bangili ya dhahabu, ile aliyovishwa siku ya harusi yake. "Sheikh," alisema, "nakuomba uniulizie bei kwa sonara unayemwamini. Mwanangu wa Eldoret amepata kazi, alhamdulillahi, ila wanataka shilingi 80,000 kwanza."

Kijana huyo tunamjua tangu alipokuwa akisoma juzuu ya Amma chuoni kwetu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Moi kusomea uhasibu, akahitimu, na sasa ni mwaka wa tatu anatafuta kazi huko huko bara. Nyumbani hajarudi, kwa kuwa anaona haya kurudi mikono mitupu. Tulimwomba mama aifunge tena bangili yake na atupe siku chache, maana juma lile lile tulikuwa na safari ya Eldoret kuhudhuria akdi ya nikaha ya jamaa yetu.

Sisi watu wa pwani tunaujua Eldoret kama mji wa baridi tunakopeleka watoto wetu kusoma. Wazee wa huko waliuita Sisibo, kutokana na namba 64 ya kipande cha ardhi ambapo mji ulianzia. Tangu tarehe 15 Agosti 2024 umekuwa jiji, la tano nchini Kenya. Una hospitali kubwa ya rufaa, una kiwanda cha nguo cha Rivatex, una maghala ya mahindi na ngano, na maziwa ya mashamba ya Uasin Gishu. Lakini kila mwaka vyuo hutoa vijana wengi kuliko nafasi zinazofunguka, na wengi wao hubaki wakizunguka mjini na bahasha za vyeti mkononi, jambo ambalo wao wenyewe huliita kutarmaki.

Tulimkuta kijana wetu Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye baraza ya msikiti, akiwa na wenzake kumi na wawili hivi. Tulidhani ni darsa. Kumbe ni kikao chao cha watafuta kazi, nao hukutana hapo kila juma. Palikuwa na fundi umeme, mwalimu aliyesubiri kuajiriwa, dereva, na muuguzi mmoja ambaye ameshapata kazi lakini hakuacha kuja. Mabinti nao wana kikao chao upande wa kina mama. Hakuna ada wala mwenyekiti wa kudumu, ila chai, mandazi na daftari moja.

Tuliomba ruhusa tuketi tusikilize. Kila mmoja hujibu maswali matatu: juma hili umetafuta wapi, umesikia habari gani inayomfaa mwenzako, na unahitaji msaada gani? Majibu yanaandikwa. Fundi umeme alisema duka fulani la zana za kilimo halina mtu wa kutunza hesabu za ghala. Yeye habari hiyo haimfai, lakini aliibeba juma zima ili aifikishe kwa wenye kusomea hesabu. Dereva alisomewa barua yake ya maombi, ikasahihishwa pale pale. Yule muuguzi aliwaeleza wenzake maswali aliyoulizwa siku ya usaili wake.

Mmoja wao, ambaye hukimbia asubuhi kama vijana wengi wa sehemu zile, alitupigia mfano. Eliud Kipchoge, alisema, alipokimbia mbio ndefu mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwongoza mwendo, wakipokezana kumkinga upepo. "Lakini Sheikh, hakuna hata mmoja aliyemkimbilia. Miguu ilikuwa yake." Tuliupenda mfano huo.

Ilipofika zamu ya kijana wetu, alisema kwamba mambo yake yamekaribia kuwa sawa, imebaki fedha tu. Wenzake hawakumpongeza. Walimuuliza ofisi ya huyo mtu iko wapi. Hakujua. Wakamuuliza barua ya mwajiri iko wapi. Hakuwa nayo. Wakamuuliza kwa nini fedha ziende kwenye simu ya mtu binafsi. Kijana aliinama.

Tulipobaki naye peke yetu alitoa la moyoni. "Ami," alituambia, "hapa kazi ni kujuana. Asiye na mtu ndani hununua mlango. Nimepeleka maombi mpaka nimechoka kuhesabu."

Tulimkumbusha kwamba huko ni kutoa rashwa, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Sheria ya nchi nayo, ile ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016, inawashika wote wawili. Na kama hakuna kazi yoyote, basi ni wizi mtupu, na bangili ya mama itakuwa imekwenda bure. Alikubali. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia. "Na wewe Ami, ukiniandikia barua kwa mwenye duka lile la zana, kwa kuwa wewe ni sheikh na mimi ni mtoto wa jirani yako, je, huko si kujuana huko huko?"

Tulinyamaza. Tulinyamaza kwa sababu tunalo deni katika jambo hili, nasi tunaona ni wajibu kulisema hapa mbele ya wasomaji wetu.

Miaka mingi iliyopita rafiki yetu alituomba barua kwa ajili ya mwanawe. Tuliandika kwamba kijana ni mwaminifu na hodari. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunamjua baba, mtoto hatukumjua. Mfanyabiashara aliyepokea barua ile alimwajiri kwa heshima ya jina letu, akamwacha kijana mwingine ambaye hakuwa na wa kumsemea. Haukupita mwaka, fedha zikapungua dukani. Mfanyabiashara yule hakutulaumu hata kwa neno moja, lakini tangu siku hiyo hajatuuliza tena habari za mtu yeyote. Na yule kijana aliyeachwa hatukupata kumjua hata jina, tukamwomba radhi.

Kwa hiyo swali la mtoto wa jirani lilikuwa swali la haki. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratun-Nisaa kwamba mwenye kuombea jambo jema atapata fungu lake, na mwenye kuombea baya atabeba sehemu yake. Uombezi, basi, una milango miwili. Unawezaje kujua umeingia upi?

Tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul-Qasas. Alifika Madyan akiwa mgeni na mkimbizi, hana mali wala jamaa. Aliwakuta wanawake wawili wakingoja kunywesha wanyama wao, akawanyweshea, kisha akarudi kivulini kumwomba Mola wake. Hakuwadai malipo wala hakuwaomba wamsemee. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, na akataja sifa mbili: nguvu ya kufanya kazi na uaminifu. Hizi ndizo sifa ambazo mwajiri yeyote, hata leo, anazitafuta. Na binti yule alizisema kwa sababu alikuwa amekwisha kuziona.

Basi hapo ndipo tofauti ilipo. Ukimsemea mtu kwa uliyoyaona, umetoa ushahidi, na ushahidi ni amana. Ukimsemea kwa sababu ya ukoo, kabila, mtaa au bahasha, umechukua haki ya mtu mwingine ukampa wako.

Tulimwambia kijana kwamba tutaandika, na tukaandika mbele ya macho yake. Tulisema tunamjua tangu utotoni. Kwamba likizo mbili alitushikia daftari la michango ya chuo chetu, na haikupotea shilingi. Kisha tukaongeza kwamba uhodari wake katika hesabu za biashara hatukupata kuushuhudia, na kwamba tunamwomba mwenye duka amjaribu mwenyewe, yeye pamoja na yeyote mwingine aliyeomba. Kijana aliisoma barua mara mbili. "Ni fupi, Ami," alisema. Ni kweli, ilikuwa fupi. Hatukuwa na zaidi ya hayo.

Wasomaji wetu, tumewaza sana juu ya kile kikao cha barazani. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa udugu, wawili wawili. Saad bin Rabii alimpa nduguye Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali hiyo, asiichukue, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akaanza kwa samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa Masahaba. Vijana wale wa Eldoret hawana nusu ya mali ya kugawiana, lakini wanaonyeshana njia ya sokoni.

Je, misikiti yetu ya pwani haina baraza? Kila Ijumaa tunakaa safu moja na wenye maduka, makarani wa bandarini, walimu, wauguzi na mafundi. Tukitoka, kila mtu anashika njia yake, na kijana asiye na kazi anatoka peke yake kama alivyoingia. Tunawaomba maimamu na wazee watenge saa moja kwa juma na watafute daftari. Wenye kazi nao wasiache kuja, maana habari za nafasi wanazo wao.

Kwa wazazi tuna mambo matatu. Kwanza, msitume fedha kwa mtu anayeuza kazi, hata akitaja jina kubwa kiasi gani; na wakala wa kazi za ng'ambo sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ulizieni huko. Pili, tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, mwajiri hapaswi kudai vyeti vya idhini vya ofisi za serikali kabla ya kukusudia kumwajiri mtu. Msikopeshe wala msikope kwa ajili ya vyeti ambavyo havijahitajika. Tatu, na hili ndilo zito, mwambieni mtoto kwamba mlango wa nyumbani uko wazi hata akija mikono mitupu. Haya ndiyo yaliyomfanya kijana wetu amwamini tapeli.

Tuliporudi tulikwenda kwa mama. Alituuliza, "Mmempatia kazi mwanangu?" Tukamjibu kwamba hatukumpatia, amepewa majaribio ya mwezi mmoja katika ghala la zana za kilimo, na mwisho wake anaujua Mola. Mama alifungua ncha ya kanga, akaitazama bangili kitambo, akaivaa. Kisha akatuomba namba ya yule fundi umeme ili amshukuru.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu riziki ya halali, awakinge na matapeli, na azihifadhi ndimi zetu tunapowasemea watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.