Hesabu ya Kemia Imo Katika Mfuko wa Mbolea

Kila msimu wa mvua unapokaribia, mkulima wa Chanzuru, wilayani Kilosa, hufika dukani na swali moja: mfuko wa mbolea ni shilingi ngapi? Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Linalopaswa kulitangulia ni hili: ndani ya mfuko huo mna chakula cha mmea kilo ngapi? Jibu lake halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Linapatikana kwa hesabu ambayo watoto wa mkulima huyo huyo hufundishwa katika somo la kemia. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hesabu hubaki darasani, na mfuko hubaki dukani, visikutane.

Tuchukue mbolea mbili zinazofahamika sana, Urea na SA. Zote hununuliwa kwa ajili ya naitrojeni, ambayo huyapa mahindi rangi ya kijani na nguvu ya kukua. Kikundi kimoja cha atomu za Urea kina kaboni 1 yenye uzito 12, oksijeni 1 yenye uzito 16, naitrojeni 2 zenye uzito 28, na haidrojeni 4 zenye uzito 4. Jumla ni 60. Gawanya 28 kwa 60, utapata karibu asilimia 46, na ndiyo namba iliyoandikwa juu ya mfuko. Kikundi cha SA nacho kina naitrojeni 2 zile zile, lakini zimefuatana na haidrojeni 8, salfa 1 yenye uzito 32 na oksijeni 4 zenye uzito 64. Jumla ni 132, na naitrojeni ni asilimia 21 tu.

Hapa ndipo ilipo maana ya neno moli, ambalo huwatisha wanafunzi wengi bila sababu. Mfanyabiashara wa mahindi hahesabu punje; huzipima kwa mizani, naye akijua uzito hujua wingi. Mkemia hufanya vivyo hivyo kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Gramu 60 za Urea ni moli moja; gramu 132 za SA ni moli moja pia. Idadi ya vikundi ni sawa, na naitrojeni ni gramu 28 kila upande. Tofauti ni mzigo unaobebwa pamoja nayo. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni, na wa SA una kilo 10 na nusu. Mkulima aliyeshauriwa kuweka mfuko mmoja wa Urea kwa eka, kisha akaweka mfuko mmoja wa SA kwa kudhani kwamba mbolea ni mbolea, ameyapa mahindi yake chini ya nusu ya chakula yaliyostahili.

Tuingize na fedha. Kwa mfano, Urea ikiuzwa shilingi 70,000 na SA shilingi 50,000, macho yatasema SA ni rahisi. Hesabu inasema vingine: kilo moja ya naitrojeni ya Urea itakuwa imegharimu takriban shilingi 3,040, na ya SA takriban shilingi 4,760.

Hatusemi kwamba SA haifai. Mfuko wake una kilo 12 za salfa, nayo ni faida palipo na upungufu wake, ingawa mbolea hiyo ikitumiwa miaka mingi huongeza tindikali katika udongo. Wala hatusemi namba kubwa pekee ndiyo mwongozo. Mfuko wa DAP nao umeandikwa 46, lakini 46 hiyo si ya naitrojeni, ambayo ni 18 tu. Ni ya fosforasi, tena iliyohesabiwa pamoja na oksijeni yake. Fosforasi yenyewe katika mfuko huo wa kilo 50 ni kama kilo 10. Asiyejua namba inapima nini anaweza kupotezwa na namba ya kweli.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isitengane na maisha ya jamii inayoizunguka. Wengi walilichukua agizo hilo kuwa ni jembe tu. Wanafunzi walilima, lakini shamba la shule halikuingia katika daftari la kemia. Hadi leo mwanafunzi anaweza kukokotoa asilimia ya elementi katika chumvi asiyopata kuiona, kwa lugha anayoitumia darasani tu, kisha akarudi nyumbani asiweze kumsomea baba yake mfuko uliomo ghalani.

Kwa maoni yetu, hali hiyo yaweza kurekebishwa bila kungoja majengo mapya. Walimu wa kemia waanze somo la moli kwa mfuko mtupu wa mbolea uliotundikwa ukutani, na wanafunzi wahakikishe wenyewe kama namba zake ni sahihi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kimewapatia wakulima mbegu za mahindi kwa miaka mingi, ki jirani na Chanzuru. Shule na zipeleke vijana wake huko wakaone udongo unavyopimwa. Mabwana na mabibi shamba nao wanaposhauri, wataje kilo za naitrojeni, si idadi ya mifuko peke yake. Na watunga mitihani waulize maswali ya namna hiyo, kwani lisiloulizwa katika mtihani halifundishwi kwa bidii.

Wakulima wetu wamefundishwa kuikataa lumbesa wanapouza mazao, kwa kuwa jasho lao lina uzito wake. Basi wajifunze pia kuuliza uzito wa kile wanachonunua. Wazazi wa Chanzuru wenye watoto sekondari wawape kazi hiyo kabla mvua hazijanyesha: wausome mfuko, wapige hesabu, ndipo fedha itoke mfukoni.