Usinunue Pikipiki Usiyoweza Kuilisha

Mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, theluji ya hapa Iowa imeyeyuka, na kama kawaida ya mwezi wa nne, kila mtaa una pikipiki imeegeshwa nje na kikaratasi cha bei. Basi na washkaji nao wameanza ule wazimu wa kila mwaka: kusaka kruza la mtumba. Wiki hii peke yake nimeulizwa na watu watatu, "Wewe si unalo moja, hebu tupe ushauri." Mmoja wao (simtaji, anajijua) anataka kuchukua hela aliyotenga kwa ajili ya ada ya kiangazi, aongezee mkopo, achukue Harley ya cc 1200. Nimeona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike hapa, maana ugonjwa huu si wake tu.

Kwa mlioko nyumbani, kruza si Boxer wala TVS za bodaboda tulizozoea, zile za cc 100 mpaka 150 zinazobeba baba, mama, watoto na gunia la mkaa. Kruza ni ile ya kwenye sinema za Marekani: kiti cha chini, usukani mpana, miguu imetangulia mbele, tangi kama chozi, na injini ambayo mara nyingi ni ya silinda mbili zilizokaa umbo la V. Haikutengenezwa kwa mashindano. Imetengenezwa kwa barabara ndefu na mtu asiye na haraka. Na tuseme ukweli, inapendeza! Hapo ndo akili zinapotuhama.

Msimamo wangu ni huu: bei ya kununua ni kiingilio tu, mechi yenyewe ni matunzo. Usichague pikipiki kwa kuangalia hela uliyonayo leo. Chagua kwa hela na ujuzi utakaokuwa nao kila mwezi baada ya leo.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu wengi wetu tumekuja huku na hesabu za Bongo. Bongo fundi yuko kila kona, chini ya mwembe, na akishindwa atamwita mwenzake. Spea ya mtumba ipo, mazungumzo yapo. Huku fundi anatoza kwa saa, na mara nyingi saa moja inapita dola 100, spea hujagusa. Tena gereji nyingine pikipiki ikishazeeka hawaipokei kabisa. Sasa wewe una viza ya mwanafunzi, muhula ukiendelea sheria inakuruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe: fundi akishika pikipiki yako siku moja, umemfanyia kazi wiki ngapi?

Halafu kuna hili la mkopo, ambalo watu hawaambiwi mapema. Ukinunua kwa mkopo, mkopeshaji kwa kawaida anadai bima kubwa, ile inayolipa hata pikipiki yako mwenyewe ikigongwa au kuibwa. Kwa kijana asiye na historia ya kuendesha huku, bima hiyo inauma kweli. Ukinunua kwa taslimu kitu cha bei ndogo, unaweza kubaki na bima ya kumlipa mwingine tu. Yaani mkopo unakuja na mtoto mgongoni.

Sisemi Harley ni mbaya, msinielewe vibaya. Sportster za kuanzia 1986 mpaka 2022 zina injini ngumu, na vali zake hazihitaji kurekebishwa kila mara. Lakini jina nalo linalipiwa, na jina hilo lina historia. Mwaka 1983 Harley-Davidson ilikuwa na hali mbaya, na serikali ya Rais Reagan ikaziwekea pikipiki za nje zinazozidi cc 700 ushuru wa nyongeza ulioanzia asilimia 45. Wajapani wakafanya nini? Wakapunguza injini! Honda Shadow ya 750 ikawa 700, ikapita chini ya mstari. Ndo maana mpaka leo ukizunguka kwa wauzaji unakutana na kruza za Kijapani za katikati ya miaka ya 80 zenye cc 699 hivi. Sasa anayekwambia kwamba pikipiki chini ya cc 1000 si kruza, mwulize hiyo sheria kaitoa wapi.

Kwa mwanafunzi, kuna chache ninazoziamini. Honda Rebel 250 ina cc 234 na uzito wa kilo 150 hivi, ndiyo maana shule nyingi za udereva zimeitumia kufundishia. Ni ngumu kufa, ila kwenye haiwei ya maili 70 kwa saa utaisikia inalalamika. Suzuki Savage 650, ambayo kuanzia 2005 ikaitwa S40, ina silinda moja tu na mkanda badala ya cheni: vitu vichache, matatizo machache. Kawasaki Vulcan 500 ina injini ya maji iliyotokana na ile ya Ninja 500, inachapa mwendo kuliko sura yake. Na Yamaha V Star 650, ninayoendesha mimi, ilitengenezwa toka 1998 mpaka 2016. Inapozwa na upepo, inatumia shafti kwa hiyo hakuna cheni ya kupaka mafuta, na vali zake unazirekebisha kwa skrubu na nati. Yangu ni ya 2006, niliitolea dola 1,900 za kubeba boksi kiangazi kizima, kwa kibali halali kabisa jamani, msije mkanichongea. Mwaka wa kwanza tairi, betri, oili na breki zilinila zaidi ya dola 500, na kazi karibu yote nilifanya mwenyewe. Kwa hiyo ukiwa na 2,500, usinunue pikipiki ya 2,500. Nunua ya 1,900.

Haya, umempata muuzaji. Mpigie simu kabla ya kwenda, umwambie asiiwashe. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, amekuwa akiiamsha, na injini inayoficha kitu inakificha vizuri ikiwa imepashwa. Unataka kuisikia ikiamka toka usingizini. Kruza la zamani la kabureta kuhitaji choki asubuhi ni kawaida. Kuzimika kila ukiachia mafuta baada ya dakika kumi za kupasha si kawaida, hiyo kabureta imeziba.

Fungua tangi, umulike na tochi. Kutu ndani ya tangi ni sababu ya kuondoka au kupunguziwa sana. Angalia tairi, si kashata peke yake, soma tarehe: tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT. Ikiandikwa 2314 maana yake wiki ya 23, mwaka 2014. Hiyo tairi hata kama ina kashata nzima ni mzee aliyepaka rangi nywele. Shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini mara kadhaa, kisha pitisha kidole kwenye vyuma vya shokapu za mbele. Ukitoka na oili, sili zimekwisha. Angalia ncha za mikono ya breki na klachi, sehemu za kukanyagia, na pembeni mwa eksozi: mikwaruzo ya upande mmoja inakwambia ililala upande gani.

Kisha karatasi. Namba ya utambulisho ina herufi na tarakimu 17, imegongwa kwenye shingo ya fremu pale usukani unapozunguka. Ilingane na hati ya umiliki, moja baada ya nyingine, na jina kwenye hati liwe la huyo unayemlipa. Taasisi ya NICB ina huduma ya bure kwenye intaneti ya kuangalia kama namba hiyo imeripotiwa kuibwa au kama bima iliwahi kuiandika imekufa. Muuzaji akisema "hati nitakutumia baadaye", mwage kwa adabu. Pikipiki bila hati ni chuma chakavu chenye kiti kizuri.

Na swali langu nilipendalo kuliko yote: "Una daftari la matengenezo?" Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi ningechukua V Star yenye maili 25,000 na risiti zake zote, nikaiacha yenye maili 4,000 iliyolala gereji miaka minane. Watu wengi hapa wanaona maili chache wanachekelea. Petroli nyingi ya Marekani imechanganywa ethanoli kama asilimia 10, ikikaa muda mrefu inaharibika na kuacha gundi kwenye vitundu vidogo vya kabureta. Sili zinakauka, betri inakufa, tairi linapasuka. Pikipiki inachakaa kwa kulala kuliko kwa kutembea.

Ukishainunua, sasa ndo kazi inaanza, na hapa hapahitaji uhandisi. Tafuta kitabu cha matengenezo cha aina yako, maktaba nyingi zinacho. Oili na filta kwa ratiba ya kitabu. Na usiweke oili yoyote ya gari: klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili za magari zenye viambato vya kupunguza msuguano zinaweza kuifanya iteleze. Tafuta chupa yenye maandishi JASO MA. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hata kama yanaonekana mazima, kwa sababu yananyonya unyevu. Upepo wa tairi pima kila wiki, ni dakika mbili. Baridi ikikaribia, jaza tangi, weka dawa ya kutunza petroli, endesha dakika chache ifike kwenye kabureta, kisha toa betri uiweke ndani kwenye chaja ndogo ya kuitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku ukuta unajengwa kwa dola 100 kwa saa.

Bado kuna gharama moja ambayo wengi wanaikwepa, na hii ndiyo inayoninyima raha. Hapa Iowa, na hata kwa jirani zetu Illinois, sheria haimlazimishi mtu mzima kuvaa kofia ngumu. Basi unaona mtu ana pikipiki ya maelfu, kichwani ana miwani tu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kofia inapunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa kwa asilimia 37. Mwaka 2022 peke yake waendesha pikipiki zaidi ya 6,000 walikufa katika nchi hii. Na kozi ya mafunzo? Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa uchunguzi wake wa ajali za Los Angeles: asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi, walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Aliona pia kwamba pikipiki ikigongana na gari, mara nyingi mwenye gari ndiye aliyeingilia njia. Yaani huwezi kutegemea kuonekana. Kozi ni wikiendi moja, pikipiki wanakupa wao, na majimbo mengi yanakusamehe mtihani wa barabarani ukifaulu. Kofia, glavu, jaketi na kozi viwe ndani ya bajeti, si baadaye "nikipata".

Najua mtaniuliza, si bora ununue gari bovu upate na hita? Swali zuri. Kwa mwenye mtoto, au anayeishi mbali na basi, ndiyo, bora gari. Kruza hapa ni la miezi saba tu, na mwezi wa kwanza utapanda basi kama sie wote. Simshauri mtu aifanye usafiri wake pekee. Lakini kwa mtu anayeishi karibu na chuo, anayetaka kitu cha kwake, cha kushika spana Jumamosi mchana badala ya kulala, sijaona shule nzuri kama hii. Nimejifunza subira kwenye kabureta kuliko kwenye hesabu za mwaka wa pili.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye hela ya ada, nakuomba kwa heshima zote: ada ilipwe kwanza. Ukiikosa ada unahatarisha muhula, na ukihatarisha muhula unahatarisha viza, na Harley haina kiti cha kukurudisha huku ukishaondoka. Harley ya cc 1200 ina zaidi ya kilo 250, haitakimbia, itakusubiri umalize chuo na upate kazi. Chukua Rebel au V Star ya bei ya kawaida, jifunze kuifungua na kuifunga. Spana ninazo, na Jumamosi mchana nipo.

Wengine mnaonaje? Wenye Shadow na Virago najua mnakereka kwamba sikuwataja vya kutosha. Karibuni tubishane.