TAHARIRI: Komredi, acha kusaka keja peke yako

Barua ya kuitwa chuoni hukueleza kozi, karo na siku ya kuripoti. Utalala wapi, mara nyingi hilo ni shauri yako. Ukiteremka pale Rongo mjini na sanduku, godoro na mtungi mdogo wa gesi, au ukifika steji ya Homa Bay ukitokea Kitale au Kwale, anayekukaribisha kwanza huwa si mhadhiri. Ni broka. Anajua ploti zote, anajua chumba kipi kiko wazi, na anajua kwamba giza linaingia na huna pa kwenda. Hapo bei haijadiliwi. Unatajiwa tu.

Safu hii ya leo inakuhusu wewe uliye katika Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori, Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, au vyuo vya mafunzo ya matibabu (KMTC) vilivyo katika kaunti hizo mbili. Tunataka kukuambia jambo moja: ile kodi unayolipa kila mwezi peke yako ina nguvu kubwa ikiwekwa pamoja na za wenzako. Mnayo pesa ya kuwa na sauti. Mnachokosa ni chama.

Tuanze na hali ilivyo. Rongo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi tangu 2011, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Mwaka huo huo Tom Mboya kilianzishwa kikiwa chini ya Maseno, na hati yake ikaja 2022. Kwa miaka hiyo michache, miji iliyozoea miwa, samaki na biashara ya soko imejikuta ikipokea vijana wanaotafuta vyumba kila mwaka. Hosteli za vyuo haziwatoshi wote. Wenyeji nao wakaitikia kwa kujenga ploti, na tuwashukuru kwa hilo, maana bila wao wengi wenu mngelala nje.

Lakini anayepanga peke yake hana la kusema. Unaambiwa ulete kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti ambayo huna hakika utaiona tena. Mita ya stima ni moja kwa vyumba sita, tokeni zikiisha mnaanza kulaumiana nani ana koili na nani hana. Maji yanakuja siku yanayotaka. Siku nyingine ni kununua mtungi kwa mtungi. Ukitoka maktaba saa tatu usiku, njia ya kurudi ni giza tupu, na nauli ya boda imepanda kwa sababu ni usiku.

Halafu pesa za HELB zinachelewa. Mwenye nyumba hataki kusikia habari za HELB, naye ana haki, kwa kuwa hakukukopesha yeye. Unarudi kutoka darasani unapata kufuli geni mlangoni, vitabu na nguo zako ziko ndani, na kesho una mtihani.

Kwa dada zetu mambo huwa mabaya zaidi. Kuna watu katika miji hii wanaojua vizuri ni wiki gani wanafunzi wameishiwa. Mwanamume anajitolea kulipa kodi ya mwezi mmoja, kisha wa pili, na baadaye anadai kwamba mlango ule ni wake. Msichana aliyeingia katika mtego huo si kwamba alikosa maadili. Alikosa Sh3,000 na mtu wa kumkopesha bila masharti. Tukitaka kuzungumzia usalama wa wanafunzi wa kike, tuanzie kwenye kodi ya nyumba.

Utauliza, sheria iko wapi? Ipo, ila imechakaa. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ya mwaka 1959 inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Anayelipa zaidi ya hapo hawezi kukimbilia ngao hiyo. Hata anayelipa pungufu, ni mwanafunzi gani ataacha masomo afuate kesi kwenye jopo la kodi kwa ajili ya chumba kimoja? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tupige hesabu pamoja. Tuseme mko kumi, na kila mmoja analipa Sh3,500. Hizo ni Sh35,000 kwa mwezi, Sh420,000 kwa mwaka. Mtu mmoja mwenye Sh3,500 anaonyeshwa chumba na kuambiwa achukue au aache. Watu kumi wanaokuja na Sh420,000 za mwaka mzima, kwa mkataba mmoja wenye sahihi kumi, wanaketi na mwenye ploti na kuulizwa wanataka nini. Mnataka mita yenu wenyewe. Mnataka tangi la maji, taa ya nje na geti linalofungwa. Na mnataka mkataba useme wazi kwamba hakuna mlango utakaotiwa kufuli bila notisi.

Mwenye nyumba naye anafaidika. Mwulize yeyote pale Rongo au Homa Bay kinachomuumiza, atakwambia ni likizo ndefu. Wanafunzi wanaondoka, vyumba vinabaki tupu, na mkopo wa benki aliojengea hauendi likizo. Chama kinachomhakikishia pesa za miezi 12, hata kwa bei ya chini kidogo, kina maana kwake kuliko wapangaji kumi wanaohama kila muhula. Kwa hiyo hatusemi mpigane na landilodi. Tunasema mfanye naye biashara mkiwa kundi.

Wazo hili si geni. Wanafunzi waliokwenda mbali na kwao walilazimika kulifikiria zamani. Mwaka 1905 mwanasheria Shyamji Krishnavarma alifungua India House mtaani Highgate, London, ili vijana wa Kihindi waliokuwa wakisoma Uingereza wapate pa kulala pasipo na dharau. Mwaka 1920 ikafunguliwa hosteli ya wanafunzi wa Kihindi chini ya YMCA, na ipo London hadi leo. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa wakifukuzwa milangoni kwa rangi yao walikuwa na chama chao, WASU, kilichoundwa 1925. Mwaka 1933 chama hicho kikafungua hosteli katika jiji hilo hilo. Hata Wakenya wanaokwenda kusoma India siku hizi huishi hivyo: wanne au watano wanapanga nyumba moja, wanagawana kodi na wanapika sufuria moja.

Kupanga pamoja ni hatua ya kwanza. Ushirika ni hatua inayofuata, na tofauti yake ni kwamba ushirika unabaki hata nyinyi mkihitimu. Mwaka huo wa 1933, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, wanafunzi 14 wa Berkeley, California, waliungana kuendesha nyumba moja. Ushirika wao ungali hai na una wanachama zaidi ya elfu moja. Kila mwanachama hufanya zamu ya kazi ya saa kadhaa kwa wiki, kupika, kufagia au kukarabati, na ndiyo maana kodi yao huwa chini. Kule Edinburgh, Scotland, wanafunzi 106 walianzisha ushirika wao mwaka 2014. Hawakujenga jengo. Walilipanga, kisha wakaliendesha wenyewe.

Na usidhani haya ni mambo ya Wazungu na Wahindi pekee. Mama yako huenda alikulipia karo kwa nyoluoro, ile michango ya kuzungukana ambayo kina mama wa Homa Bay na Migori wanaijua kuliko benki. Babu yako alilimiwa shamba kwa saga, watu wakija kwa zamu na majembe yao. Chuo cha Tom Mboya chenyewe kimepewa jina la mtu wa Rusinga aliyefahamu kwamba kijana mmoja hawezi kujipeleka ng'ambo. Mwaka 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka kwenda Marekani kwa michango ya watu wengi, wa huku na wa kule. Itakuwa ajabu ikiwa wanaosoma chini ya jina lake watashindwa kuchangia tangi la maji.

Unaanzaje? Anza kidogo. Tafuta watu kumi unaowaamini, si marafiki wa sherehe tu. Sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii inataka watu wasiopungua kumi, na Sheria ya Vyama vya Ushirika nayo inataka idadi hiyo hiyo, kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Unaweza kuanza na kikundi, kisha mkikomaa mwende kwa afisa wa ushirika wa kaunti muombe kusajiliwa rasmi. Upo pia muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika vya nyumba, NACHU, uliokuwepo tangu 1979. Bisheni hodi kwao.

Changanyeni miaka ya masomo. Kundi la wanafunzi wa mwaka wa nne watupu litakufa siku ya mahafali. Wakiwepo wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, anayeondoka anamwachia mwingine funguo na daftari. Tengeni akiba mbili ndogo kila mwezi: moja ya ukarabati, nyingine ya kumshikilia mwanachama ambaye HELB yake haijaingia. Akiba hiyo ya pili ndiyo itakayomfungia mlango yule mwanamume wa kulipa kodi kwa masharti.

Najua unachofikiria. Ushirika Kenya? Si ndiko pesa huliwa? Ni swali la haki. Ukaguzi uliotangazwa mapema mwaka 2025 ulionyesha kwamba takriban Sh13.3 bilioni zilipotea katika Kuscco, muungano wa sacco nchini. Wazazi wengi wa Nyanza pia wanakumbuka vyama vya wakulima vilivyokufa na jasho lao. Hatutakudanganya kwamba wanafunzi ni malaika. Tumeona hata pesa za safari ya darasa zikiyeyuka.

Ila wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kundi la watu kumi wanaoishi ua mmoja ni rahisi kukagua kuliko muungano wa nchi nzima. Kodi iingie kwenye akaunti ya kikundi, isiwe simu ya mweka hazina. Kila pesa inayotolewa iwe na sahihi tatu. Taarifa ya akaunti iwekwe kwenye WhatsApp ya kundi kila mwisho wa mwezi, hata kama hakuna aliyeiomba. Viongozi wabadilishwe kila mwaka, na kila mwanachama awe na kura moja tu, awe amechanga kingi au kidogo. Anayekataa masharti hayo mapema amekuokoa, mwache aende.

Wakubwa nao wana deni. Vyuo viweke dawati linaloorodhesha ploti zilizokaguliwa, na viwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza orodha hiyo kabla hawajakutana na broka. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zitume maafisa wa ushirika vyuoni wakati wa usajili, maana mwanafunzi hatawatafuta ofisini. Zimulike pia barabara kati ya vyuo na mitaa wanakoishi wanafunzi. Na serikali kuu, ambayo tangu 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa wazazi wenu kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikumbuke kwamba kijana wa chuo naye ni mpangaji.

Hata hivyo, usingoje hao wote ndipo uanze. Muhula ukiisha, kabla hujafunga sanduku, wakalishe chini majirani wa ploti yako. Andikeni kwenye karatasi moja kila mtu analipa ngapi, dipoziti yake iko wapi na ni kitu gani kimeharibika. Jumlisheni. Mkiiona ile hesabu ya mwaka, mtajua kwamba kwa mwenye nyumba nyinyi si watoto wa kufukuzwa. Nyinyi ni wateja wake wakubwa, ila hamjawahi kwenda kwake pamoja.