Injinia peke yake hana sauti

Wadau, leo naongea na wanaosoma uinjinia na kompyuta hapa Mwanza.

Huko Marekani, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianzisha undugu wao wa kiinjinia, Theta Tau, mwaka 1904, na mpaka leo upo. Sisi tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Tangu 2003 ina mpango wa kumlea mhitimu kazini miaka 3 kabla hajasajiliwa. Safi sana. Lakini undugu unatakiwa uanzie chuoni, mtu wa mitambo akae meza moja na mtu wa programu.

Kwa nini? Sisi watu wa ziwa tunajua. MV Bukoba 1996, MV Nyerere 2018 pale Ukara, zote zilijaza kupita kiasi. MV Nyerere ilitakiwa kubeba abiria kama 100, ikabeba zaidi ya 250. Waliokufa ni zaidi ya 200.

Ile 100 ni hesabu ya injinia. Mashine ya tiketi kugoma ikishafika 100, hiyo ni kazi ya mtu wa kompyuta. Sasa bosi akisema "ongeza kidogo bwana", kijana wa mkataba wa miezi 6 atakataa akiwa na nani nyuma yake?

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo chama kina maana. Siyo fulana na pati tu. Ni wenzako wa kukwambia "usisaini", na ukitimuliwa wakutafutie kazi kwingine.

Mnasemaje wadau? Nawakilisha.