Usimuuzie betri kabla hajapima

Wauza spea wenzangu, mteja akiandika tu "pikipiki yangu ya zamani haichaji", tunamtumia bei ya betri. Mimi siikubali hiyo. Mwambie kwanza apime na mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima ya volti 12 husoma kama 12.6. Akiwasha na kuvuta resi kidogo, isome 13.5 hadi 14.5. Isipopanda, mara nyingi ni soketi iliyoungua, waya wa hasi wenye kutu, koili au rektifaya. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena, na hata betri mpya itachemka tu. Na zile Honda za volti 6? Muulize kabisa. Nilishamtumia mtu wa 6 betri ya 12, nauli ya kuirudisha nikalipa mimi.