Turubai Lisilo na Mkanda

Turubai la kawaida la UNHCR lina mita 4 kwa 5. Linazuia mvua, linavumilia jua, na uzito wake ni kama kilo 4. Halina mkanda wa kulibebea. Aliyelibuni alifikiria siku ya kulitandaza. Siku ya kulibeba hakuifikiria, maana katika hesabu za bohari turubai hubebwa na lori.

Kwetu Kamanyola, nchini Kongo, turubai hubebwa na mama. Kichwani ana sufuria lenye unga, mgongoni ana mtoto, mkono mmoja una bidoni (dumu) na wa pili umemshika mtoto mwingine. Habari ikifika kwamba watu wanakimbia, kinachobaki nyuma ni turubai. Usiku huo familia inalala barazani mwa shule, na baada ya wiki kadhaa inapanga foleni upya kuomba jingine.

Msimamo wetu ni huu: vifaa vya watu wanaolazimika kulala nje katika bonde la mto Ruzizi vibuniwe na vishonwe na mafundi wa Kamanyola, vijaribiwe na watu wa Kamanyola kwa malipo, na mashirika yanunue hapo hapo. Hatuombi fadhila kwa ajili ya mafundi wetu. Kazi iliyopo imefanyika nusu, na wanaoweza kuimalizia wako sokoni.

Tazama mahali penyewe. Kamanyola iko chini ya milima ya Ngomo, karibu kilomita 50 kusini mwa Bukavu, pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokaribiana kiasi cha kusikia jogoo wa jirani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika haifiki 800, na Ruzizi inateremka yote hayo katikati ya ardhi yetu. Barabara ya Ngomo inatisha kiasi kwamba kwa miaka mingi abiria wengi wa Bukavu kwenda Uvira wameona afadhali wazunguke Rwanda, watokee Bugarama, ndipo waingie tena Kongo kwa mlango wa Kamanyola. Anayekimbia kwa miguu hana nafasi ya kuchagua hivyo. Kwa siku moja anakutana na baridi ya juu, utelezi wa mteremko, joto la bonde, mbu, na mwishowe mto. Kampuni za Ulaya zinazouza vifaa vya kupanda milima hulipa watu wazuri fedha nzuri ili wakavitese vifaa hivyo mlimani. Kwetu vinateswa bure kila mwaka, na hakuna anayeandika majibu.

Jina la mji huu limetembea kuliko wenyeji wake. Rais Mobutu aliyakuza mapigano ya Juni 1964 hapa Kamanyola mpaka yakawa hadithi ya taifa, kisha akakipa jina hilo kikosi cha jeshi, meli yake ya starehe katika mto Kongo, na uwanja mkubwa wa mpira Kinshasa, ule ambao leo unaitwa Uwanja wa Mashahidi. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, watu wa bonde hili walivuka kwa makumi ya maelfu kwenda Burundi, na wengi wao wakalala katika uwanja mwingine kabisa, wa Rugombo, chini ya anga tupu.

Kuna wanaodhani kubuni vifaa vya aina hii ni kazi ya maabara na mashine ghali. Historia ya wapanda milima wenyewe inawakanusha. Katika miaka ya 1950 vijana wa Uingereza waliokuwa wakipanda miamba ya Wales walianza kuokota nati kando ya reli, wakazitoboa zaidi, wakapitisha kamba, wakazichomeka katika nyufa za mwamba ili ziwashike wakianguka. Zile nati za kuokota ndizo zilizozaa vifaa vinavyouzwa leo kwa bei ya kukata pumzi. Mkanda wa kiunoni na mapajani uliobeba wapandaji wa ukuta wa kusini wa Annapurna mwaka 1970 ulibuniwa na Don Whillans, fundi bomba wa Salford. Fundi bomba. Naye Ann Moore, muuguzi Mmarekani aliyejitolea Togo miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wamewafunga watoto mgongoni kwa kitambaa, akarudi kwao, akamwomba mama yake amshonee kitu cha namna hiyo, na mwaka 1969 akapata hataza. Kikawa Snugli, wazazi wa Marekani wakakinunua kwa wingi. Mama wa Togo hakupata hata asante ya barua.

Kivu nayo haina haja ya kufundishwa ubunifu. Chukudu ya Goma, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hubeba mamia ya kilo kwa magurudumu yaliyovishwa vipande vya tairi. Hakuna profesa aliyeichora. Wachonga mbao waliitengeneza, wachuuzi wakailalamikia, wakairekebisha, mpaka ikafaa. Mji wa Goma umeijengea sanamu.

Sasa turudi kwenye turubai letu, tuseme jambo linaloshikika. Fundi cherehani yeyote atakuambia usilitoboe: kila shimo la sindano ni tundu la maji. Kwa hiyo mkanda usishonwe kwenye turubai, uwe pembeni. Na mkanda upo. Mikanda ya usalama ya magari mabovu ni bidhaa isiyo na mnunuzi, na Ngomo haijawahi kutunyima magari mabovu. Mkanda wa aina hiyo ukiwa mzima hustahimili mvuto wa zaidi ya tani moja. Fundi wa kuchomelea anakunja pete mbili za nondo nyembamba, fundi cherehani anazishona kwenye ncha moja. Mkanda ukipitishwa katika pete zote mbili kisha ukarudishwa katikati yake, hujikaza wenyewe kadiri mzigo unavyovuta, na mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi anaweza kuufungua. Mikanda miwili ya mita 3 inabeba turubai lililoviringishwa. Jioni mikanda hiyo hiyo ikiunganishwa inapata zaidi ya mita 5, na hapo uti wa hema umepatikana, kutoka mti hadi mti.

Mtoto aliyeko mgongoni akae wapi? Hapo ndipo wengi wetu tunaoandika mezani tunapokwama. Tungependekeza turubai liviringishwe jembamba, lifungwe kiunoni kwa nyuma, mtoto alikalie. Huenda mama mmoja akalicheka wazo hilo kabla hatujamaliza kulieleza, akasema litamkata nyonga kabla ya kona ya pili. Vizuri, ndiyo maana tunataka alipwe kulijaribu. Bukavu ina akina mama wanaopandisha magunia vilima vya mji, kamba imepita kwenye paji la uso na mzigo umelala mgongoni. Hakuna mhandisi anayejua kama wao tofauti ya kilo 4 zilizokaa vizuri na kilo 4 zilizokaa vibaya. Wao wawe majaji, na ujaji wao uwe na ujira wa siku, si soda na fulana.

Kuna suala la rangi ambalo wabunifu wa ng'ambo hawawezi kuliona hata wakijitahidi. Hema la mpanda milima hutiwa rangi ya chungwa au njano ili waokoaji walione kutoka mbali. Anayelala vichakani kati ya Kamanyola na Luvungi anaomba Mungu asionekane na mtu. Mengi ya maturubai yanayogawiwa ni meupe. Weupe huo una kazi yake: unarudisha joto la jua, na kambini unatangaza kwamba hapa kuna raia. Lakini usiku, mlimani, unatangaza vilevile. Dawa si ngumu. Kiwanda kikifanya upande mmoja mweupe na wa pili rangi ya udongo, kila mtu atageuza kulingana na saa na mahali. Hilo mafundi wetu hawawezi kulifanya kwa cherehani, ni la kiwanda, na mashirika yanayoagiza kwa wingi ndiyo yenye sauti ya kuliamuru.

Halafu mto. Waliovuka Ruzizi mwaka 2025 hawakupita wote kwenye vituo vya mpaka. Wapo waliojitosa majini, na wapo waliozama. Nyumba nyingi za hapa zina bidoni ya njano ya lita 20. Ikiwa tupu na kifuniko kimekazwa, bidoni hiyo inaweza kushikilia juu ya maji mzigo wa karibu kilo 20, wakati jaketi la kuokolea la mtu mzima limetengenezwa kwa nguvu ya kuelea ya kama kilo 10 tu. Kwa hesabu hiyo, chombo cha kuokoa maisha kinakaa jikoni. Kasoro yake ni kwamba kinateleza, kinageuka, kinaponyoka mikononi mara tu maji yanapokuwa na nguvu, na maji ya Ruzizi yana nguvu. Mkanda ule ule wa gari, ukizungushwa shingoni mwa bidoni na chini ya tumbo lake, kisha ukapita kifuani na chini ya makwapa, unakizuia kisitoroke. Je, kichwa kitabaki juu? Au bidoni itamlaza mtu kifudifudi? Hatutaki kubahatisha katika hilo, na wala hatushauri mtu aende kujaribu peke yake. Lijaribiwe kwenye maji matulivu ya ziwa, waogeleaji hodari wakiwa pembeni. Na isemwe wazi kwamba mkanda haumzuii mamba.

Kwenye maji ya kunywa tutakuwa wafupi. Mwaka 2003 kundi la mwanasayansi Rita Colwell lilionyesha kwamba huko Bangladesh wanawake waliochuja maji ya mito na madimbwi kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake hung'ang'ania viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa huwanasa. Kitambaa kikuukuu kilifaa kuliko kipya, nyuzi zake zikiwa zimetanuka na kubana matundu. Uvira na bonde lote wanaujua kipindupindu kwa uchungu. Je, kitenge cha pamba kilichochakaa kitafanya vivyo hivyo kwa maji ya Ruzizi? Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, chenye wataalamu wanaoweza kulijibu swali hilo kwa darubini. Waulizwe. Kuchemsha na dawa ya klorini vinabaki palepale. Tunazungumzia siku ambayo kuni hakuna na dawa imekwisha.

Pingamizi tunazijua. Ya kwanza ni ubora: mashirika yatasema hayawezi kununua kwa fundi asiye na cheti. Hoja ya kweli, ila ina dawa. Mikanda michakavu inaoza kwa jua, kwa hiyo kila mmoja uvutwe kwa uzito kabla ya kuuzwa. Pipa la mafuta lililojazwa maji lina zaidi ya kilo 200, lining'inizwe kwenye mkanda mchana kutwa, na usiokatika upigwe muhuri. Mjini Bukavu kuna shule ya Fundi Maendeleo, ITFM, ambayo wanafunzi wake wangeweza kusimamia mtihani huo na kuandika matokeo. Ya pili ni kwamba wenye silaha watavinyakua. Wananyakua sasa pia, na kipande cha mkanda wa gari kinawavutia kidogo kuliko hema la dola 100. Ya tatu huletwa na watu tunaowaheshimu: kwa nini mnatafuta namna nzuri ya kukimbia badala ya kudai watu wasikimbizwe? Tunalidai hilo katika ukurasa huu huu, na tutaendelea. Mtoto anayelowa usiku wa leo haumizwi na sisi kufanya yote mawili.

Kinachotakiwa kuanza ni kidogo. Shirika moja litoe maturubai 50 yasiyo na masharti. Mafundi cherehani na wachomeleaji wa Kamanyola wapewe wiki chache na malipo ya kazi, kila mmoja alete namna yake ya kubeba. Kisha akina mama waliolipwa wapande na kushuka kipande cha Ngomo wakiwa na mizigo halisi, watoto wakiwakilishwa na magunia ya mchanga, na mwisho wa njia kila mmoja alisimamishe hema huku saa ikihesabiwa. Kifaa kitakachoshinda kiagizwe kwa maelfu, kishonwe hapa, na fundi aliyekibuni aandikiwe mkataba unaotaja jina lake na fungu lake kwa kila kipande kinachouzwa, hata kama mnunuzi atakuwa duka la wapanda milima la Nairobi au la Geneva. Jaribio lifanyike mvua zikiwa zimerudi, Oktoba au Novemba, kwa sababu Julai hata mkanda mbaya hufika chini salama.